Nyumba ya bata sita kwenye parseli (kiwanja) ya mawe ya volkano: hatua kwa hatua

Wanaoanza kufuga bata hapa Goma huuliza maswali yale yale. Bata anaweza kulala na kuku? Lazima nichimbe kidimbwi? Nguzo nitazisimamisha vipi na parseli yote ni jiwe? Mbona banda linanuka hata nikifagia kila asubuhi?

Karibu yote yanatokana na jambo moja: watu humjengea bata banda la kuku. Kuku hulala juu ya kijiti na kinyesi chake hukauka. Bata hulala chini, kinyesi chake ni majimaji, na pale anapokunywa panalowa pande zote. Hata yule bata wetu mzito mwenye ngozi nyekundu usoni, ambaye ana kucha na anaweza kupanda kwenye ukingo mpana, ndani ya nyumba mara nyingi hujilaza sakafuni. Kwa hiyo shika sheria moja tangu sasa: ndani pawe pakavu, maji yakae nje. Kila kipimo kilichopo hapa chini kinatumikia sheria hiyo.

Tunajenga nini

Nyumba ya mbao yenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5, kimo cha sentimita (sm) 120 mbele na sm 90 nyuma, iliyoinuliwa juu ya nguzo sita za mawe. Inatosha dume 1 na majike 5. Kila bata anapata nusu mita ya mraba, nafasi nzuri kuliko kipimo cha chini cha bata watatu kwa mita moja ya mraba. Usiongeze dume la pili kwa majike watano. Madume watapigana, na majike watapandwa mpaka manyoya ya shingo yaishe.

Wakati mzuri wa kujenga ni kiangazi, kati ya mwezi wa 6 na wa 8. Mbao hukauka vizuri, na simenti haioshwi na mvua kabla ya kushika.

Vitu vya kuandaa

Vipimo vya mbao sokoni havilingani, kwa hiyo nenda na mita yako mwenyewe. Hesabu hii inachukua shevro (miti iliyopasuliwa ya fremu na paa) za sm 5 kwa 7 na mbao za upana wa sm 20, unene wa sm 2, zote zikiwa na urefu wa mita 4.

- Shevro 12
- Mbao 16
- Mabati 4 ya mita 3
- Wavu mgumu wa matundu ya sm 1.3, upana wa sm 90, urefu wa mita 3
- Simenti nusu mfuko (kilo 25) na mchanga karai 5 hivi
- Mawe ya lava ya kujengea nguzo sita. Mengi utayapata parselini kwako
- Nondo ya milimita 6, vipande 6 vya sm 60
- Misumari: ya sm 10 kilo 1, ya sm 6 kilo 2, ya mabati yenye raba nusu kilo
- Bawaba 2, makomeo 2 na kadena (kufuli) 1 nzuri
- Mpira wa ndani wa gurudumu la zamani
- Maranda ya mbao magunia 2, au majani makavu
- Beseni au bidoni (dumu) moja kuukuu ya lita 20

Vyombo: msumeno, nyundo, mita, pimamaji, kamba, mkasi wa bati, mwiko, koleo.

Ukinunua mbao za mikaratusi, bonyeza ukucha kwenye ncha ya ubao. Ukiona unyevu, ubao ni mbichi. Ukiupigilia leo, baada ya mwezi utakuwa umejikunja na kuacha nafasi ambayo panya anapita bila taabu. Kama hakuna mbao kavu, nunua mapema, zipange chini ya paa na vijiti kati ya ubao na ubao, uziache wiki tatu au nne. Chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) moja yenye msukumaji mzuri itabeba mzigo wote huu kwa safari mbili.

Kwa bati, namba ndogo ndiyo nene: namba 28 ni nene kuliko namba 32. Hapa mjini tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu moshi wa volkano ukishuka na mvua huleta asidi, na bati jembamba hutoboka upesi kuanzia kwenye misumari.

Hatua ya 1: Chagua mahali, na uogope mabonde

Hii ndiyo hatua ya kutofanya haraka.

Kwanza, mazuku. Kila mtu wa Goma amelisikia neno hilo, lakini wengi hulisahau wanapotafuta kona ya kuwekea mifugo. Ni hewa ya kaboni (kaboni dioksidi) inayotoka ardhini, nayo huua. Haina rangi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hujikusanya kwenye mashimo na mabonde, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Sehemu za magharibi mwa mji, kuelekea Bulengo na Lac Vert, zinajulikana kwa hilo, ila shimo lolote kati ya mawe ya lava litiliwe shaka. Bata hulala kichwa kikiwa karibu na ardhi, kwa hiyo ndiye wa kwanza kufa. Ukikuta asubuhi wadudu, mijusi au ndege wamekufa ndani ya kibonde, usijenge hapo, usiteremke kuchungulia, na wakataze watoto kupafikia. Kuinua nyumba nusu mita hakutakuokoa. Jenga mahali palipoinuka na penye upepo.

Pili, mvua inapiga kutoka wapi? Tazama kuta za nyumba yako mwenyewe. Ukuta wenye alama za matope na rangi iliyofifia ndio unaopigwa. Mgongo wa nyumba ya bata uelekee upande huo, uso uelekee upande mwingine.

Tatu, iwe karibu na dirisha la chumba chako cha kulala. Bata wengi hupiga kelele mgeni akiingia usiku, na kelele hiyo haina faida kama husikii. Lakini usiibandike kwenye ukuta wa jirani: harufu ya siku moja ya uzembe inaweza kuleta ugomvi wa mwaka mzima.

Hatua ya 2: Nguzo za mawe

Usihangaike kuchimba. Lava iliyomwagika mwaka 2002 na kufunika sehemu kubwa ya katikati ya mji haichimbiki kwa jembe, na hapa huihitaji kuichimba. Inakubeba.

Chora mstatili wa mita 2 kwa 1.5 kwa kamba. Pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari: lazima upate sm 250 kamili pande zote mbili. Ukipata 247 huku na 253 kule, mstatili umepinda, na kila bati utakaloweka baadaye litapinda nao.

Jenga nguzo tatu mbele na tatu nyuma: kwenye kona na katikati. Kila moja iwe na upana wa sm 30 na kimo cha sm 40. Safisha jiwe la chini kwa brashi na maji kabla ya kuweka simenti, kwa sababu vumbi la lava huzuia simenti isishike. Changanya karai 1 ya simenti kwa 5 za mchanga. Katikati ya kila nguzo simamisha nondo, sm 30 ndani na sm 30 zikitokeza juu.

Nguzo mbili za upande utakaowekwa mlango wa kusafishia ziwe chini kwa sm 2 kuliko zile za upande wa pili, na za katikati chini kwa sm 1. Mteremko huo mdogo ndio utakaotoa maji siku ya kuosha. Mwagilia nguzo asubuhi na jioni kwa siku tatu kabla ya kuzibebesha mzigo.

Hatua ya 3: Fremu ya sakafu

Kata shevro moja katikati upate mbili za mita 2. Laza moja juu ya nguzo za mbele, nyingine juu ya za nyuma, zote zikisimama kwa ubavu wa sm 7. Kati ya jiwe na mti weka kipande cha mpira wa gurudumu. Jiwe la lava hunyonya maji, na mti unaoligusa moja kwa moja huoza kuanzia chini bila wewe kuona. Kunja nondo juu ya shevro na uibane kwa misumari miwili. Bila hiyo, dhoruba za msimu wa mvua zinaweza kuinua nyumba nyepesi kama hii na kuitupa.

Kutoka shevro tatu kata vipande vitano vya mita 1.5. Vilaze kutoka mbele kwenda nyuma, kimoja kila sm 50, uvipigilie kwa misumari ya sm 10.

Oili chafu ya magari, ambayo watu hupaka mbao, paka chini ya sakafu na kwenye hizi shevro tu, tena siku kadhaa kabla bata hawajaingia. Usiipake ndani hata tone. Bata huonja kila kitu kwa mdomo.

Hatua ya 4: Sakafu

Kata mbao nne katikati upate vipande vinane vya mita 2. Vipigilie kwa urefu, vikibanana kabisa. Cha mwisho utakipasua kibaki sm 10. Pitisha kiganja juu ya sakafu yote. Kichwa cha msumari kinachokukwaruza wewe kitachana unyayo wa bata, na jeraha dogo la unyayo huvimba likawa jipu gumu la kumfanya achechemee kwa miezi. Kizamishe kwa nyundo.

Ukiwa na kipande cha balatumu (zulia la plastiki) kuukuu, kitandike juu ya mbao kabla ya maranda. Sakafu itadumu zaidi. Lakini usiiache tupu: bata huteleza na kupanuka miguu.

Hatua ya 5: Nguzo za ukuta na paa

Kata nguzo tatu za sm 120 kutoka shevro moja na tatu za sm 90 kutoka nyingine. Zisimamishe juu ya sakafu, ndefu mbele, fupi nyuma, kwenye kona na katikati. Zinyooshe kwa pimamaji na uzishikize kwa vijiti vya mshazari mpaka ukuta ukamilike. Shevro nyingine ukate katikati: kipande kimoja kifunge vichwa vya nguzo za mbele, kingine vya nyuma.

Juu yake weka mihimili mitatu ya mita 2 kutoka mbele kwenda nyuma, ikitokeza kidogo pande zote mbili. Kisha shevro tatu za mita 2.6 zikatize juu ya mihimili, zikitokeza sm 30 kila upande.

Kata mabati yawe na urefu wa mita 2.2. Vipande vya sm 80 vinavyobaki vitunze, vina kazi. Anza kupigilia upande ambao upepo hautoki, ili kila bati linalofuata lipande juu ya lililotangulia na upepo usiingize maji kwenye maungio. Msumari upigwe juu ya mgongo wa wimbi, kamwe si kwenye bonde lake. Maji hupita bondeni, na tundu la bondeni litavuja hata ulizibe na nini.

Hatua ya 6: Ukuta

Hapa vipimo vinakusaidia. Ubao wa kwanza uanzie sm 7 chini ya uso wa sakafu, ufunike ncha za shevro. Kwa njia hiyo unafunga ukuta na sakafu pamoja, na ndani inabaki kingo ya sm 13 ya kuzuia maranda yasimwagike. Panda mistari mitano ya mbao pande zote nne. Utafika sm 93 juu ya sakafu. Mbele na nyuma zinahitaji mbao mbili na nusu kila upande. Ubavuni kata vipande vya sm 154, viwili kutoka kila ubao, na uweke akiba vile vipande vitano vya sm 92 vinavyobaki.

Sasa kata yale mabaki ya bati yawe mikanda ya upana wa sm 20, ikunje katikati, na uipigilie nje kuzunguka kona ya chini, pale ukuta unapokutana na shevro. Panya huanza kutafuna hapo. Kingo zake zikunje kwa koleo ili zisimkate mtoto anayepita.

Hatua ya 7: Wavu juu, wala si chini

Nafasi yote iliyo juu ya mbao ifunge kwa wavu: sm 27 za mbele, pembetatu mbili za ubavuni (zinatoka kwenye mstatili mmoja uliokatwa mshazari), na ule uwazi mwembamba wa nyuma chini ya bati. Hewa inapita juu ya vichwa vya bata waliolala, inabeba unyevu na harufu, wala haiwapigi.

Kosa la kawaida ni kuziba uwazi huu kwa gunia kwa sababu usiku wa Goma una baridi. Bata aliyekomaa ana mafuta na manyoya, baridi ya hapa haimsumbui. Kinachomuua ni unyevu na ile harufu kali inayochoma macho. Gunia lining'inizwe tu upande unaopigwa na mvua ya upepo, na asubuhi liondolewe.

Kosa la pili ni wavu mwepesi wa kuku wenye matundu makubwa. Panya hupita, na paka huingiza mkono.

Hatua ya 8: Milango miwili

Mlango wa bata uko mbele. Acha ubao wa kwanza, kata wa pili na wa tatu kwa upana wa sm 35. Unapata tundu la sm 35 kwa 40, ambalo dume zito hupita bila kukwaruza mgongo. Mlango wenyewe uteleze juu na chini kati ya vijiti viwili, na uwe na komeo.

Mlango wa kusafishia uko ubavuni, ule upande ulioinama: upana wa sm 70, mistari mitatu ya mbao kuanzia wa pili. Tumia bawaba, komeo na kadena. Ubao wa chini hapo usiupigilie. Usimame kati ya vijiti viwili ili siku ya usafi uuchomoe na kukokota kila kitu nje kwa koleo. Nyumba ambayo lazima uisafishe kwa kuingiza kichwa kupitia mlango wa bata haitasafishwa.

Ngazi: ubao mmoja ukatwe mara mbili, vipande viungane vipate upana wa sm 40 na urefu wa mita 2. Pigilia vijiti kila sm 12. Tundu liko karibu sm 70 kutoka ardhini, na ngazi fupi kuliko hapo huwa mlima. Bata hatapanda, ataruka, na uzito wake wote utashukia miguuni. Usiku ngazi iondolewe.

Hatua ya 9: Viota na matandiko

Vile vipande vitano vya sm 92 ndivyo viota viwili, kwenye kona ya nyuma iliyo mbali na milango. Viwili vikatwe vya sm 40 na kupangwa viwe kuta mbili za sm 40 kwa 40. Viwili vikatwe vya sm 80 viwe paa. Cha mwisho, sm 80, kipasuliwe kibaki na upana wa sm 12, kiwe kizuizi cha mbele. Jike hutaka giza na faragha. Kiota kilicho wazi atakikimbia na kwenda kutaga chini ya mgomba wa jirani.

Tandika maranda au majani makavu unene wa sm 10. Usitumie unga laini wa msumeno: hupanda puani, hushikana na maji ukawa uji, na vifaranga huula.

Hatua ya 10: Kituo cha maji, nje

Kidimbwi si lazima. Lililo lazima ni maji yenye kina cha kumwezesha bata kuzamisha kichwa chote, yaani sm 10 hadi 15. Huosha macho na pua zake humo. Akinyimwa, utaona kwanza povu jeupe kwenye kona ya jicho, kisha jicho linafungwa.

Laza bidoni ya lita 20, ukate ubavu wa juu, chubua kingo zisikate. Iweke angalau mita 3 kutoka nyumba, upande wa chini wa mteremko, juu ya kitanda cha kokoto za lava chenye mita 1 kwa 1 na kina cha sm 20. Hapo jiwe la Goma linakuwa rafiki: maji yanayomwagika yanazama mara moja, hakuna tope. Kokoto zifunike kwa mchanga au kokoto laini za ufukweni mwa ziwa, kwa sababu lava hukata nyayo kama kioo. Sehemu nyingine ya uwanja mwaga udongo na majani ya migomba.

Kwa bata sita panga bidoni moja kila siku. Tunajua bidoni hapa hununuliwa au hubebwa kichwani, kwa hiyo usimwage maji ya jana kwenye mtaro. Yamwage kwenye shina la mgomba au kitalu cha lengalenga, yana mbolea. Ila yasielekee kwenye tangi au mahali pa kuchota maji ya watu.

Chakula kikae karibu na maji, si ndani ya nyumba. Bata akila pumba kavu bila maji jirani hukabwa.

Siku za kwanza

Wafungie ndani siku tatu au nne na maji kwenye beseni zito, ukibadilisha matandiko yaliyolowa. Ndipo watakapojua kwao. Baadaye wafungulie kuanzia saa tatu asubuhi, maana wengi hutaga mapema, na ukiwatoa alfajiri mayai yatabaki vichakani. Kata manyoya marefu ya bawa moja tu la kila jike. Ukikata yote mawili, bado anaweza kuruka.

Ikiwa mambo hayaendi

*Banda linanuka.* Chota maranda kiganjani uyakamue. Yakitoa maji, kuna maji yanayoingia: bati linavuja, au mtu ameweka beseni ndani. Yakiwa na unyevu tu, ongeza makavu juu kila siku mbili na utoe yote kila wiki mbili. Kufagia peke yake hakusaidii, kwa sababu kunaondoa kilicho kikavu na kuacha ubao ulionyonya.

*Hawaingii jioni.* Angalia ngazi kwanza: ikitikisika hawaiamini. Kisha weka chakula kidogo kilicholoweshwa ndani saa kumi na mbili, kabla giza halijaingia. Bata haoni vizuri kuelekea shimo jeusi. Usiwakimbize, maana watakumbuka.

*Bata anachechemea.* Mgeuze uangalie unyayo. Ukiona duara jeusi gumu, osha kwa maji ya chumvi, mweke kwenye majani laini, na utafute jiwe au msumari ulioanzisha. Likivimba na kuwa moto, peleka kwa daktari wa mifugo.

*Mayai yanavunjika au yanachafuka.* Viota havitoshi au matandiko ni membamba. Majike wawili wakitaka kulalia kiota kimoja, tenganisha mmoja kwa ubao. Bata huyu mzito hulalia siku 35 hivi, si 21 kama kuku, kwa hiyo usiyatupe mayai siku ya 28 ukidhani yameharibika.

*Vifaranga wanapotea au wanakufa.* Mchana, mwewe: funika sehemu ya uwanja kwa wavu. Usiku, panya au siafu: mwaga majivu kuzunguka nguzo na usiache punje ya chakula chini ya sakafu. Wakifa wakiwa wamelowa, wameoga wakiwa wadogo mno bila mama wa kuwapa mafuta ya manyoya yake. Wape maji kwenye kisahani chenye kokoto mpaka waote manyoya. Na usiwawekee mbabula ndani ya nyumba ya mbao ili wapate joto. Moshi wa makaa huua kimya kimya, na cheche moja kwenye maranda makavu huchoma nyumba ya bata pamoja na ya kwako. Joto lao ni mama yao. Kama hayupo, wahamishie kwenye katoni ndani ya nyumba yako, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, uibadilishe inapopoa.

*Maji yanadondoka wakati wa mvua kubwa tu.* Panda uangalie misumari, si bati. Raba iliyokauka na kupasuka ndiyo inayopitisha. Ng'oa msumari, weka mpya wenye raba, hapo hapo kwenye mgongo wa wimbi.

*Mlango wa kuteleza umegoma.* Mbao zimevimba kwa mvua. Ukwangue milimita 3 kila upande na upake sabuni ya kipande kwenye njia yake.